Karo ya digrii inalipwa na nani?



Nawasalimu wote wa Kitengela, Isinya, Kajiado mjini na Bissil, na ninyi watoto wetu mlio Qatar na Saudia mnaosoma ukurasa huu usiku baada ya kazi. Mungu awalinde.

Neno letu leo ni Luka 14:28 hadi 30. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, kisha urudi hapa. Ni ile habari ya mtu anayetaka kujenga mnara. Bwana wetu anasema mtu wa aina hiyo huketi kwanza, akapiga hesabu, aone kama ana vya kumalizia. Asipofanya hivyo ataweka msingi na kuishiwa, na wapita njia watamcheka.

Sisi wa Kitengela tunaielewa habari hii bila mahubiri. Tembea kutoka Noonkopir kuelekea Yukos uhesabu nyumba zilizosimama kwenye lenta, nyasi zimeota sebuleni. Kila moja ina mwenyewe, na kila mmoja alianza kwa maombi.

Leo sitasema juu ya nyumba. Nataka kusema juu ya digrii, kwa sababu huu ndio msimu wa barua za vyuo, na simu yangu imejaa jumbe za wazazi. "Pasta, tuombee karo." Naomba, na nitaendelea kuomba. Lakini maombi hayajawahi kukatazwa kukaa meza moja na kalamu na daftari.

Tuanze na hali ilivyo. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama inayofungua mlango wa chuo kikuu. Ni kama robo ya wote waliofanya mtihani. Mwaka huohuo, kwa ripoti ya KNBS, uchumi wa Kenya ulizalisha kazi mpya 782,300. Ukisikia hivyo unasema Haleluya. Sasa soma mstari unaofuata: kazi 703,700 kati ya hizo zilikuwa za jua kali, yaani kibanda, bodaboda, mtumba, mjengo. Zilizobaki, za sekta rasmi, zilikuwa 78,600 tu.

Sikuleta hesabu hiyo ili mtoto wako avunjike moyo. Nimeileta kwa sababu mwenye mnara alitakiwa aketi kwanza.

Sasa nisikilizeni. Kuna mama mmoja upande wa Bissil, mama wa Kimaasai, mjane, ambaye ninamwita Yeyo kwa heshima. Ameniruhusu nisimulie habari hii bila jina lake. Kabla ya ukame alikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, na ninyi mliokuwa hapa mnakumbuka mizoga kando ya barabara ya Namanga. Yeye alibaki na ng'ombe sita.

Kijana wake alipata C+. Katika boma lile hakuna mtu amewahi kuvaa joho. Barua ya chuo ilipokuja, ikasema gharama ya kozi ni kama shilingi laki mbili kwa mwaka, nusu ilipwe kabla ya kuripoti. Yeyo hasomi, lakini hesabu ya ng'ombe anaijua kuliko mhasibu. Akaamua kuuza wanne. Akaja kwangu kwa jambo moja tu, nimwombee apate bei nzuri sokoni.

Nikamwuliza, "Yeyo, na wale wawili wakibaki, msichana atalipiwa na nini?"

Ana binti kidato cha tatu, shule ya bweni. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pasta, huyo atapumzika mwaka mmoja."

Wapendwa, sisi tunaoishi Kajiado tunajua msichana wa miaka kumi na sita akipumzika mwaka mmoja nyumbani huwa inaishaje. Mwaka haujaisha utaona wazee wamekuja na blanketi na sukari.

Basi nikamwambia tusiombee bei ya ng'ombe kwanza. Nikamkumbuka yule mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuchukua watoto wake. Elisha hakuanza na muujiza. Alianza na swali: ndani ya nyumba una nini? Kwa hiyo tukamwita kijana, tukafungua daftari, tukaanza kuhesabu vilivyo ndani ya nyumba.

Jambo la kwanza tuligundua ni hili. Ile barua ilikuwa imeandika gharama yote ya kozi. Kijana alidhani ndiyo bili yake. Kumbe tangu 2023 serikali ilibadilisha mfumo. Zamani mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikapeleka iliyobaki chuoni moja kwa moja. Sasa gharama inagawanywa mara tatu: ufadhili ambao haurudishwi, mkopo wa HELB, na sehemu ya familia. Mgawanyo unategemea uwezo wa nyumba. Kwa bendi ulivyotangazwa, walio chini kabisa hupata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na familia hutoa asilimia 5. Walio bendi ya tano hupata ufadhili 30, mkopo 30, na familia hutoa 40.

Lakini ni lazima uombe. Asiyeomba anabaki na gharama yote kichwani mwake. Kijana hakuwa ameomba. Ng'ombe wanne walikuwa wanaenda sokoni kwa sababu ya fomu ambayo haikujazwa!

Mambo haya yamekuwa kortini. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba mfumo huu unakiuka katiba, kisha Mahakama ya Rufani ikausimamisha uamuzi huo. Serikali nayo imetangaza kupunguza ada kuanzia Septemba 2025. Kwa hiyo usichukue namba zangu kama sheria ya Musa. Soma barua ya mtoto wako. Mimi nakufundisha namna ya kuhesabu.

Kijana aliomba, akawekwa bendi ya kwanza. Tukapiga hesabu ya laki mbili kwa mwaka, miaka minne:

Sehemu ya familia, 10,000 kwa mwaka. Miaka minne, 40,000.

Mkopo wa karo, 50,000 kwa mwaka. Miaka minne, 200,000.

Mkopo wa matumizi, yaani chakula na malazi, 60,000 kwa mwaka. Miaka minne, 240,000.

Yeyo akasema, "Basi ni ng'ombe mmoja tu!" Akaanza kufurahi. Nikamwambia, Yeyo, ngoja, hatujamaliza. Hizo laki nne na elfu arobaini za HELB ni deni. Lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo anaanza kudaiwa, na asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. HELB haiulizi kama umepata kazi. Mtu atasema, "Pasta, chakula angekula hata nyumbani." Kweli, lakini nyumbani asingekila kwa mkopo.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye barua yoyote. Ni pesa ambazo kijana angezipata kama angekuwa anafanya kazi. Tuseme ni mkono wa fundi hapa Kitengela, shilingi 600 kwa siku, siku ishirini kwa mwezi. Hiyo ni 12,000. Kwa miezi minane ya masomo kila mwaka, ni 96,000. Miaka minne, 384,000. Hizo hakuna mtu atamdai, lakini hazitaingia nyumbani.

Jumlisha. Arobaini, mia nne arobaini, na mia tatu themanini na nne. Ni shilingi 864,000, kabla ya riba. Na hii ni familia ambayo imesaidiwa hadi kiwango cha juu kabisa! Danieli na wenzake walisomeshwa Babeli miaka mitatu, mfalme akalipa mpaka chakula. Ule ulikuwa ufadhili wa asilimia mia. Sisi wa Kajiado hatuna Nebukadneza.

Sasa, mavuno. Akimaliza apate kazi inayomlipa 15,000 zaidi kwa mwezi kuliko ile ya mjengo, kwa mwaka ni 180,000. Gharama yake inarudi baada ya karibu miaka mitano, na kuanzia hapo ni faida mpaka uzee. Hiyo ni mbegu njema. Lakini akipata kama walimu wa JSS walioingia 2023 kwa mafunzo kazini, ambao walilipwa 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, anaongeza 8,000 tu juu ya mjengo. Hapo gharama inarudi baada ya miaka tisa. Wale walimu waliandamana Mei 2024, na mkipiga hesabu hii mtajua kwa nini. Na akizunguka na bahasha ya kaki miaka mitatu bila kazi, miaka hiyo nayo unaiongeza upande wa gharama.

Kijana alitazama daftari muda mrefu. Kisha akauliza swali la hekima kuliko umri wake: "Pasta, sasa niende au nisiende?"

Nitawaambia nilichomjibu, lakini kwanza mnivumilie niwaeleze habari ya nyumbani kwetu.

Mimi nilijiunga na chuo kikuu mwaka 1997. HELB ilikuwa na miaka miwili tu tangu iundwe. Tulizaliwa watoto watano, upande wa Machakos. Dada yangu mkubwa alikuwa na akili darasani kunishinda, na hilo kila mwalimu wetu alilijua. Aliacha shule darasa la saba. Hakufukuzwa, na hakupata mimba kama watu wanavyopenda kudhani. Baba alikaa chini akaona pesa zinatosha mtoto mmoja, na mtoto huyo akawa mvulana. Dada akaenda kufanya kazi za nyumba Nairobi. Nilipofika chuoni, pesa ya nauli na ya sabuni ilitoka kwake.

Nilimaliza 2001. Nilipakia saruji Athi River miaka miwili nikiwa na digrii kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ndipo nikapata kazi ya ualimu, na baadaye Mungu akaniita katika huduma hii. Mkopo niliulipa mpaka shilingi ya mwisho, na barua ya HELB ya kuthibitisha kwamba sina deni ninayo mpaka leo.

Lakini dada yangu hana barua. Hakuna ofisi unayoweza kwenda kuuliza, "Je, nimemaliza kumlipa?" Digrii ina jina langu. Ukiitazama kwenye fremu ukutani, hutaona popote imeandikwa kwamba mtu mwingine aliacha masomo ili ipatikane. Leo dada ana kibanda cha mboga hapa Kitengela, na watoto wake nimesomesha kama wangu. Sisemi kwamba nimelipa. Nasema tu najua ninayemdai na anayenidai.

Ndiyo maana nilipomsikia Yeyo akisema binti atapumzika, nilisikia jambo ninalolijua.

Wapendwa, hapa ndipo hesabu ya wachumi na hesabu ya nyumba zetu zinapoachana. Wachumi George Psacharopoulos na Harry Patrinos, waliokusanya tafiti za nchi nyingi, waliandika mwaka 2018 kwamba kila mwaka wa masomo huongeza kipato cha mtu kwa karibu asilimia 9 kwa wastani duniani, na kwamba elimu ya chuo kikuu inalipa sana katika eneo letu hili la Afrika. Mimi naamini. Nimewaona wauguzi na wahandisi katika kanisa letu walioinua nyumba nzima. Lakini wastani haulipi kodi ya nyumba. Tena wachumi wanahesabu mfuko wa aliyesoma. Kwetu, anayelipa ni mama, ni dada, ni mdogo wako, ni ploti ya baba, ni ng'ombe. Mvunaji ni mmoja na wapandaji ni saba.

Ardhi pia iingie katika hesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shamba la pamoja la Kitengela liligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Tangu hapo vipande vimekatwa mpaka vikawa hamsini kwa mia. Ploti nyingi mnazokaa leo ziliuzwa kwa ajili ya karo. Zingine zilizaa madaktari, Mungu apewe sifa. Zingine zilizaa cheti kinacholala kwenye bahasha. Namjua baba mmoja aliyeuza ploti mbili kumlipia binti kozi ya kujitegemea kwa sababu mtoto wa jirani naye alikuwa anaisomea. Binti alihitimu, na sasa anauza nguo dukani kwa mtu. Hiyo ni kazi halali na sitaki mtu amdharau. Lakini baba aliacha kuja kanisani, anaona haya. Ndugu yangu, kama unasoma hapa, rudi. Kiti chako kipo. Wapita njia wa Luka 14 walicheka, lakini wewe si wa kuchekwa katika nyumba ya Mungu.

Sasa jibu nililompa kijana.

Nilimwambia: nenda, kwa masharti matatu. Moja, dada yako asiguswe. Karo yake ya bweni ni ya kwanza, yako ya pili. Mbili, usitegemee cheti peke yake. Likizo zote ndefu utakuwa na fundi wa umeme wa kanisa letu, ujifunze kuvuta waya. Paulo alisoma miguuni pa Gamalieli, na bado alijua kushona mahema. Kisomo kile hakikumzuia mkono, na mkono ukamlisha Korintho. Tatu, uandike deni lako kwenye daftari hilo kila muhula, ulijue kama unavyojua jina lako, lisije kukushtua siku ya kuhitimu.

Aliuzwa ng'ombe mmoja. Watano wako bomani. Binti yuko shuleni. Kama kijana atapata kazi miaka minne ijayo, sijui, wala sitatoa unabii ambao Bwana hakunipa. Najua tu kwamba akikosa, nyumba haitakuwa imeanguka pamoja naye.

Niseme na ninyi kwa makundi.

Mzazi: kabla ya kuuza chochote, uliza mambo manne. Mtoto ameomba ufadhili na mkopo? Kozi hii, waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Watafute watatu uwaulize uso kwa uso. Nani atakosa kitu ili huyu asome, na mtu huyo ameulizwa? Na mwisho, tunasomesha mtoto, au tunashindana na jirani?

Kijana uliyepata C au D+: hujalaaniwa. Pale Kajiado mjini kuna Masai Technical, na kuna vyuo vya ufundi kaunti nzima. Kutoka 31 inatuambia kwamba Bezaleli alijazwa Roho kwa kazi ya dhahabu, mawe na mbao. Mtu wa kwanza kuandikwa kwamba amejazwa hivyo kwa ajili ya kazi ni fundi! Katika kanisa hili hatutasimamisha wa digrii mbele wapigiwe makofi huku wa ufundi wamekaa nyuma. Watasimama pamoja.

Wewe uliyehitimu na bado unatafuta: usikae kimya na HELB. Nenda ofisini kwao au uwapigie, ueleze hali yako, upange kulipa hata kidogo. Ukijificha, faini inakua gizani. Na usione haya kushika kazi ya mkono wiki hii. Haifuti masomo yako.

Wazee wa kanisa na kamati ya harambee: tumekubaliana kwamba kuanzia sasa mchango wa mwanafunzi unaingia kwenye akaunti ya shule au ya chuo. Hatutachangia hema, viti na pilau ya kumsindikiza. Na kila tunapochangia mvulana, tutauliza kwanza: ana dada? Yuko shule?

Jumapili baada ya ibada ya pili, walimu wetu watatu watakaa ofisini na simu zao kuwasaidia wanaotaka kujaza maombi ya ufadhili. Ni bure. Njoo na kitambulisho chako na cha mtoto, na namba ya mtihani. Usimlipe mtu yeyote wa mtaani akufanyie.

Tuombe.

Baba, tunakushukuru kwa watoto wetu na kwa akili uliyowapa. Tupe kuketi kwanza. Utuondolee kiburi cha majirani na hofu ya kesho. Wakumbuke wale waliolipa karo kwa miaka yao wenyewe, ambao majina yao hayako kwenye cheti chochote. Walipe wewe, kwa maana sisi hatuwezi. Mlinde binti wa Bissil na mabinti wote wa Kajiado, wamalize. Fungua milango ya kazi kwa wanaobeba bahasha. Katika jina la Yesu, ameni.

Kama kuna mtu alilipa karo yako kwa kuacha yake, mpigie simu leo. Usimtumie ujumbe, mpigie asikie sauti yako. Kisha umtumie habari hii mzazi mmoja mwenye barua ya chuo mkononi.

Barikiwa.

Mchungaji wenu, Kitengela.